Shoti Isiyo na Waya

Testa aliacha vidonge vyake Jumatatu moja asubuhi, akiwa mzima, ameshiba na ana furaha. Hilo ndilo linaloudhi. Angeacha kwa kukata tamaa tungemwelewa, na angeacha kwa kuchoshwa na kumeza kila siku tungemsamehe. Lakini yeye aliacha kwa sababu alitaka kupima.

Kwanza umjue. Ni fundi umeme, mwaka wa ishirini na tatu kazini, mrefu, mwembamba, mgongo umepinda kidogo kwa kutambaa juu ya dari za watu. Jina la Testa alipewa na mafundi wenzake kwa ajili ya ile bisibisi ya kupimia umeme, yenye kitaa kidogo kwenye mpini, ambayo haitoki mfukoni mwake hata akialikwa harusini. Ukimwambia waya huu hauna moto, haamini. Ukimwonyesha swichi imezimwa, haamini. Mpaka achomeke testa atazame kitaa mwenyewe, ndipo roho yake inatulia. Tabia hiyo imemweka hai miaka yote, na ndiyo hiyo hiyo iliyotaka kumtoa roho.

Mwaka uliotangulia alikuwa ameugua sonona. Majirani walisema ni uchovu, na wengine wakasema ni kiburi, maana alikuwa akipita bila salamu. Ukweli ni kwamba alikuwa amezimika. Miezi minne alikaa kwenye kochi la sebuleni akitazama ukuta, ndevu hanyoi, chakula anakidokoa, ukimuuliza jambo anajibu baada ya muda mrefu, kama mtu anayeitwa kutoka nyumba ya tatu. Mkewe, ambaye ni mshonaji, ndiye aliyemshika mkono mpaka zahanati. Daktari wa pale, mama mmoja mnene asiye na haraka, alimwandikia kidonge kimoja kila asubuhi. Wiki mbili za kwanza Testa hakuona faida yoyote zaidi ya kichefuchefu. Wiki ya tano aliomba wembe anyoe. Mwezi wa saba wa dawa, kitindamimba wao, binti wa miaka tisa, alimsimulia habari za mwalimu aliyekalia chaki ya rangi, na Testa akacheka mpaka akashika mbavu. Mtoto akakimbia jikoni akipiga kelele: "Mama! Baba amerudi!"

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Neno lile lilimkaa rohoni Testa likakataa kutoka. Nani amerudi? Ni yeye, au ni kile kidonge kinachocheka kwa kinywa chake? Alizunguka na swali hilo siku nzima juu ya ngazi. Na fundi akitaka kujua kama betri imeshika chaji hufanyaje? Anachomoa chaja. Taa ikiendelea kuwaka, betri ni nzima. Testa akaona jambo ni rahisi kabisa, akashangaa kwa nini daktari na kusoma kwake kote hakulifikiria. Jumatatu ile hakumeza. Pakiti akaificha ndani ya kisanduku cha vifaa, chini ya utepe mweusi wa kufungia waya, na mkewe alipouliza, "Umeshameza, Baba Watoto?" alijibu, "Nimemeza," huku akitafuta kofia yake.

Siku tatu taa iliwaka. Alifanya kazi, akala, akatania watu. Jumatano alikuwa anapiga mluzi. Alijiona mjanja, na mimi nakuambia hakuna mtu wa kuogopwa kama fundi aliyejiona mjanja.

Alhamisi asubuhi alikuwa ameinama kibarazani anafunga kamba za viatu. Paka akapita, Testa akageuza macho kumtazama, na kichwani kukapiga. Haikuwa maumivu. Ilikuwa shoti, fupi, kali, imeanzia nyuma ya macho ikashuka hadi kwenye meno, na dunia ikaruka kidogo halafu ikarudi mahali pake. Alijitazama mikono, na mikono haikuwa imegusa kitu. Akaitazama sakafu ya saruji, iliyokuwa na unyevu wa kudekiwa, na kijasho chembamba kikamtoka. Mtu huyu amepigwa na umeme mara nyingi kuliko alivyopigwa na wazazi wake. Mengine anaweza kukosea, lakini shoti hawezi kuichanganya na kitu kingine. Nyumba yake ilikuwa inavuja umeme.

Hakwenda kazini. Alifungua soketi zote, za sebuleni, za vyumbani, na ile ya jikoni iliyoungua pembeni. Alipima kuta, akapima bomba la maji, akapima fremu ya dirisha. Kitaa cha testa hakikuwaka popote. Alipoinua macho kutazama taa ya ukumbini, ikampiga tena, mara mbili mfululizo, akashika ukuta asianguke. Testa inasema hakuna umeme, na kichwa kinasema upo. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitatu aliitupa bisibisi ile kochini kwa hasira.

"Hakuna mtu kugusa bomba," aliwatangazia mkewe na binti yake. "Hakuna kugusa swichi. Na mtu asitembee peku humu ndani, mmenisikia?"

"Kuna nini?" mkewe akauliza.

"Umeme unavuja. Unanipiga."

"Mbona sisi hautupigi?"

Swali la maana sana hilo, lakini Testa alikuwa ameshageuka. Alikwenda kwenye kisanduku cha ukutani akazima swichi kubwa, na nyumba nzima ikanyamaza. Friji ikanyamaza, redio ikanyamaza, na cherehani ya mkewe, ambayo ni ya mota, ikafia katikati ya mkono wa shati la shule.

"Baba Watoto, nina sare kumi na nne za kukabidhi wiki ijayo."

"Afadhali watoto wa watu waende na nguo za nyumbani kuliko wewe nikuokote sakafuni."

Mkewe alimtazama kwa makini. Aliona uso umesawajika, midomo mikavu, mikono haitulii. Akatoa sindano ya mkono, akasogea dirishani kwenye mwanga akaendelea kushona. Huyu ni mwanamke asiyepoteza maneno, ila usidhani haoni.

Ijumaa mambo yalizidi. Kila akigeuza macho, shoti. Akisimama ghafla, chumba kinazunguka. Tumbo lilimchafuka kama mtu aliye kwenye boti, na akijilaza mchana kidogo anaota ndoto ndefu za kutisha, anaamka amelowa. Binti alipotoka shule alisahau, akaenda moja kwa moja bombani kunawa. Testa alimrukia na kumvuta begani, akamfokea kwa sauti ambayo mtoto hakuwahi kuisikia. Mtoto alibaki amesimama na mikono yake imejaa wino, mdomo unamtetemeka. Testa akaingia chooni, akafunga mlango, akalia. Hakujua analia nini. Alijua tu kwamba anaogopa, anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa juu ya nguzo yoyote.

Hata hivyo, ufundi ni ufundi. Hitilafu usiyoiona unaitafuta kwa kuondoa kimoja kimoja mpaka kibaki kibovu. Jumamosi asubuhi Testa alivaa buti za mpira, akaacha simu nyumbani, akaacha testa, akavua hata saa. Akachukua kipande cha ubao mkavu kwapani akaenda kwenye uwanja wa mpira, mahali pekee anapopajua ambapo hakuna nguzo, hakuna waya, hakuna bomba. Akasimama katikati kabisa, juu ya ubao wake. Vijana waliokuwa wanafanya mazoezi golini wakaangua kicheko.

"Mzee, unasubiri ndege?" mmoja aliita.

Alisimama dakika moja, mbili, tano. Kimya. Kifua kikaanza kulegea. Basi ni nyumba, alijiambia, nitabomoa waya zote nisuke upya, hata kama ni mwezi mzima. Mpira ukapigwa ukapita upande wake wa kushoto, naye akaufuata kwa macho.

Ikapiga. Ikapiga tena. Ya tatu ilimketisha pale pale juu ya ubao, na vijana wakaacha kucheka.

Ameondoa nyumba, ameondoa ardhi, ameondoa waya zote za mtaa. Kilichobaki kilikuwa yeye. Testa alikaa pale jua likimchoma utosini, mikono ameikumbatia kifuani, akiwaza kwamba kuna kitu kinaungua ndani ya kichwa chake, na siku si nyingi kitakatika. Vile vidonge vya daktari? Havikumjia akilini hata chembe. Alikuwa ameviondoa, na katika umeme kitu ulichokiondoa hakiwezi kuleta hitilafu. Laiti mwili ungekuwa umeme.

Alirudi nyumbani akawasha swichi kubwa. "Nimepata palipokuwa panavuja," alimwambia mkewe. "Nimeshatengeneza." Ulikuwa uongo wa pili, na huu aliusema huku anatazama pembeni. Jumapili alishinda amelala amefunikwa hadi kichwani, na yale mawazo ya mwaka uliopita, aliyodhani yamekwenda zake, yakarudi kuketi kando ya kitanda. Yalimwambia kwamba mtu mwenye kichwa kinachoungua ni mzigo, na kwamba nyumba hii ingepumua vizuri zaidi bila yeye. Hakumwambia mtu.

Jumatatu akaenda kazini. Ndiyo, akaenda! Karakana ya seremala ilikuwa inabadilishiwa waya, na mwenzake alikuwa anamsubiri. Mwenzake huyu ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, mfupi wa kifua kipana, mpenda mzaha. Wamefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja. Kati yao kuna desturi moja isiyovunjwa: kabla mmoja hajatia mikono kwenye waya, mwenzake anang'oa fyuzi ya laini ile kutoka kwenye kisanduku cha ukutani na kuitia mfukoni mwake, isitoke humo mpaka aliye juu ashuke. Fyuzi ikiwa mfukoni, hakuna mpita njia atakayewasha swichi kwa bahati mbaya. Karakana hii ilikuwa na laini mbili, moja ya taa, moja ya msumeno mkubwa. Siku ile walikuwa wanabadilisha waya wa msumeno. Fyuzi ya msumeno ilikuwa na doa la rangi nyekundu, na ya taa doa la njano.

Testa alifungua kisanduku. Alitazama kulia, ikapiga, akafumba macho. Akapapasa, akang'oa, akatia mfukoni.

"Tayari!" aliita.

Shemeji alikuwa ameshapanda ngazi, koleo mkononi. Kwa kawaida mtu hupima kwanza, hata kama aliyesema tayari ni mama yake mzazi. Lakini miaka kumi na mmoja imempa uvivu wa kumwamini Testa, akaanza kuchuna waya wa kwanza huku akiimba puani.

Testa aliisikia fyuzi pajani. Mkono ulikwenda wenyewe mfukoni ukaitoa, kwa ile tabia yake ya kutokuamini. Doa lilikuwa la njano.

Sauti haikutoka. Alifungua kinywa na sauti haikutoka, na koleo la shemeji lilikuwa linaelekea shaba. Testa aliirukia ngazi akaipiga teke. Shemeji akaanguka na ngazi yake juu ya lundo la maranda, akapiga kiwiko, koleo likaruka likagonga ukuta.

"Una wazimu?" shemeji alinguruma, maranda mpaka kwenye nyusi.

Testa akamwonyesha fyuzi. Shemeji aliitazama ile njano, akatazama juu kwenye waya uliochunwa, na mzaha wote ukamtoka usoni. Akakaa chini tena, taratibu, pale pale kwenye maranda.

"Shemeji," alisema, "hivi ulitaka dada yangu anizike?"

"Nisamehe."

"Unaumwa. Wiki nzima nakuona. Nenda nyumbani ukamwambie dada. Usipomwambia wewe, jioni nakuja kumwambia mimi. Na mpaka hapo, mimi kwenye ngazi na wewe kwenye fyuzi, hapana. Sipandi."

Testa alitembea kurudi nyumbani na mikono yake ameitia kwapani kama mtu asiyeiamini. Njiani ndipo alipojiuliza swali ambalo kila fundi huuliza la kwanza akifika kwenye nyumba ya mtu: kabla ya hitilafu kuanza, nini kilibadilishwa? Hitilafu ilianza Alhamisi. Kabla ya Alhamisi ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu alichomoa chaja. Alisimama katikati ya njia, baiskeli ikamkwepa na matusi juu.

Sasa ungedhani mtu aliyekwishaelewa angekwenda zahanati. Testa aliongeza mwendo kuelekea kwenye kisanduku chake cha vifaa. Siku nane ameruka, vidonge vinane. Betri iliyokauka kabisa haichajiwi kidogo kidogo, inajazwa mpaka juu. Sebuleni, mchana mweupe, alitoa pakiti chini ya utepe mweusi akaanza kuvibonyeza kimoja kimoja kiganjani. Kikombe cha maji alikiweka mezani. Kidonge kimoja kilidondoka, akakiokota, akakirudisha kwa wenzake.

Mkewe alitoka chumba cha kushonea, futi ya kamba shingoni, pini mdomoni. Akaona kikombe. Akaona kiganja.

Pini zikamdondoka. Hakupiga kelele. Alivuka chumba kwa hatua mbili akaupiga ule mkono kwa nguvu zake zote, vidonge vikaruka hadi chini ya kabati, halafu akamshika shati kifuani kwa mikono miwili.

"Unatuacha?" alisema. "Unatuacha hivi hivi, mchana, na mtoto anarudi kula?"

"Hapana! Sitaki kufa! Naziba zile siku nilizoruka!"

"Ulizoruka zipi? Kila siku nakuuliza, kila siku unasema umemeza!"

Yote yakamtoka Testa kwa mpigo, chaja na betri, Jumatatu, kibaraza, uwanja, doa la njano, shemeji kwenye maranda. "Umeme uko kichwani mwangu, mke wangu," alisema. "Nimezunguka nyumba nzima nautafuta, kumbe uko ndani yangu mimi. Unanipiga. Nimekaribia kumuua mdogo wako. Naogopa. Naogopa sana."

Mkewe hakumwachia shati. Ndipo wote wawili walipoona mlango uko wazi, na binti yao amesimama kizingitini na mkoba wa shule mgongoni, amesikia kila neno.

Walimpeleka kwa jirani, wakaenda zahanati bila kula. Daktari yule yule alikuwepo. Alimwacha Testa aseme mpaka mwisho bila kumkatiza, akauliza kidonge kimeachwa siku gani, shoti zimeanza siku gani, kuna dawa nyingine yoyote aliyotumia. Testa akatoa mfukoni vidonge vya kichwa alivyouziwa dukani Ijumaa. Daktari akavisoma, akavisogeza upande wake wa meza.

"Hivi hapana. Vikikutana na vile vyako vinaweza kukudhuru vibaya. Kichwa kikiuma, niulize mimi au mfamasia kabla hujanunua. Hata mizizi, hata chai ya kuletewa na mjomba, niulize."

"Daktari, kichwa kinaungua?"

"Hakiungui. Ubongo wako ulizoea dawa miezi saba, ukaunyang'anya kwa siku moja. Unapiga kelele. Hizo shoti, kizunguzungu, ndoto, hasira, ndizo kelele zenyewe. Wengi huzipata wakiacha ghafla. Zinatisha, lakini zitapungua."

"Na vile vinane?"

"Vinane kwa mpigo vingeweza kukuleta hapa kwa machela. Siku iliyopita imepita, hatuifidii. Leo utameza kimoja mbele yangu, kesho kimoja. Siku ukitaka kuacha, na huenda ikafika, unakuja tunapunguza pamoja, kidogo kidogo, kwa miezi. Wewe ni mtu wa ngazi. Unashuka ngazi kwa kuruka?"

"Hapana."

"Na mpaka zitulie, ngazi huipandi, na waya wenye moto huugusi." Akaweka kalamu chini. "Sasa nakuuliza kitu, na nataka jibu la kweli. Siku hizi umewaza kufa?"

Chumba kilikuwa kidogo. Kiti cha mkewe kilikuwa kimegusana na chake. Testa alitazama kona ya meza, palipobanduka rangi, na akahisi jibu la uongo limeshafika mdomoni, tayari, laini, kama yale mengine.

"Jumapili," alisema.

Mkewe alivuta pumzi. Aliushika mkono wa shati la mumewe akaukunja ndani ya ngumi. Daktari hakushtuka wala hakuhubiri. Alimuuliza ni mawazo gani, kama alipanga lolote, kama leo bado yapo. Wakakubaliana: vidonge vikae kwa mkewe, arudi Alhamisi bila kukosa, na mawazo yale yakigonga tena, hata saa ngapi, amwambie mtu aliye karibu na waje pale mara moja. Namba ya simu aliiandika kwa tarakimu kubwa.

Walipokuwa wanainuka, Testa alibaki ameshika kiti. "Daktari, nilitaka kujua jambo moja tu. Yule anayecheka ni mimi, au ni kidonge?"

Mkewe alimwahi daktari. "Kidonge hicho wanameza watu chungu nzima," alisema, na sauti yake ilikuwa ya hasira na kilio pamoja. "Mbona ni wewe peke yako unayecheka kama mlango uliokosa mafuta?"

Daktari aliangua kicheko. Testa hakucheka, hakuwa na nguvu hizo, lakini alimeza kidonge chake kimoja na maji yote ya kikombe.

Walirudi jua likianza kuteremka. Mkewe alimpitia mtoto kwa jirani, akaenda jikoni kupasha chakula. Testa alikaa mezani. Shoti zilikuwa bado zinakuja, maana dawa haifanyi kazi kwa dakika tano, na kila moja ilimrudishia hofu yote upya, hata baada ya kuelezwa. Binti yake akaleta sahani. Aliiweka mbali, ncha ya meza, akachukua mwiko wa mbao akaisukuma kwa mwiko mpaka ikamfikia baba yake. Miguuni alikuwa amevaa ndala za mpira za mama yake, kubwa, zinamvuka vidole.

Testa hakuelewa mara moja. "Unafanya nini, mama?"

"Ulisema umeme uko ndani yako." Mtoto alikuwa ameushika mwiko kwa mikono miwili. "Na wewe ndiye uliyenifundisha. Mtu akishikwa na umeme asiguswe. Asukumwe kwa mti mkavu."

Tangu mchana ule mtoto alikuwa anabeba jambo hili peke yake kwa jirani, na sasa amemletea chakula hivi hivi, akiogopa, lakini amemletea. Maneno ya kumtuliza yalikuwa rahisi sana. Umeshakwisha, mama. Nimeshatengeneza. Angeyasema, na yangeaminiwa.

"Bado upo," alisema Testa. "Si umeme wa waya. Ni ugonjwa, na niliacha dawa bila kumuuliza mtu, ndiyo maana unanipiga. Nilimdanganya mama yako. Leo nimemwambia daktari kila kitu."

"Unauma?"

"Hauumi. Unatisha."

"Utakufa?"

"Daktari anasema hizi shoti haziui. Nikiogopa tena nitasema. Nitamwambia mama, au daktari. Sitaficha."

Mtoto akaweka mwiko mezani. Akaburuta ndala zake mpaka kando ya kiti, akanyoosha mkono, akasogeza nyuma ya vidole shavuni mwa baba yake polepole. Ndivyo mafundi wanavyogusa kitu wasichokiamini, kwa nyuma ya mkono, ili kikiwa na moto mkono ujirushe wenyewe badala ya kukamata. Testa hakukumbuka kumfundisha hilo. Labda alikuwa amemwona akifanya.

Vidole vilimgusa. Testa aliinua macho kumtazama, na kwa kule kuinua macho ikampiga, kali, hadi kope zikacheza.

Mtoto aliiona. "Umekupiga?"

"Umenipiga," alisema Testa.

"Mimi sijasikia kitu," binti akasema, akageuza mkono, akamshika shavu kwa kiganja.